Kumasta nyimbo nyumbani Mtwara: fedha niiweke kwenye kifaa gani, na nifuate mbinu ipi?

Mpigakinanda_Chuno

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninatengeneza muziki nyumbani hapa Chuno, Mtwara mjini, katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikirekodi na kumiksi mwenyewe, kisha namtumia fundi wa Dar es Salaam faili ili azimaste, yaani aziweke sawa kwa mara ya mwisho kabla hazijatolewa. Sasa nina nyimbo sita ambazo ningependa zitoke pamoja zikiwa na sura moja, na kwa kuwa kulipia kila wimbo kumezidi uwezo wangu, nimeamua kujifunza hatua hiyo ya mwisho.

Nina kompyuta mpakato yenye FL Studio, kadi ya sauti ya matundu mawili, spika mbili za monita za inchi tano na hedifoni za kawaida. Kinachonisumbua zaidi ni besi. Nikikaa mezani pangu, besi inasikika hafifu, hivyo naiongeza hadi niridhike. Lakini wimbo huohuo ukipigwa kwenye sabufa ya jirani au kwenye spika za harusi, besi inavuma na kumfunika mwimbaji. Vilevile, wimbo wangu ukiwekwa kwenye flashi na kufuata baada ya wimbo wa msanii mkubwa, wa kwangu unasikika mdogo.

Msimu huu wa korosho umeniwezesha kutenga shilingi laki nne. Je, ninunue furushi la plagini (programu ndogo za kuchakata sauti) za kumasta ambalo video nyingi za mafunzo hulisifu, au hedifoni bora, au nitumie zile huduma za mtandaoni ambazo unapakia wimbo na mashine inakurudishia ukiwa tayari? Naomba mwenye uzoefu anieleze kwa kina, pamoja na sababu.

FundiSauti_Lindi

Ndugu Mpigakinanda, nakushauri usinunue plagini yoyote kwa sasa. Jinsi ulivyoieleza besi yako inaonyesha kwamba tatizo lipo mahali unaposikilizia, na mahali hapo pakiendelea kukudanganya, kila chombo utakachokinunua utakitumia kurekebisha kitu ambacho hakipo kwenye wimbo.

Chumba cha futi kumi kwa kumi ni cha mraba, na chumba cha mraba ni miongoni mwa vyumba vigumu kabisa kwa kazi ya sauti. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, na futi kumi ni kama mita 3.05. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake inalingana na umbali wa kuta mbili zinazotazamana hujijenga na kusimama kati ya kuta hizo; ukigawanya 343 kwa mara mbili ya 3.05 utapata hezi 56 hivi, yaani mitetemo 56 kwa sekunde. Kwa kuwa kuta zako za upande wa pili nazo zina umbali uleule, mawimbi ya pande zote mbili yanaangukia hezi hiyohiyo, na athari yake inakuwa nzito zaidi kuliko katika chumba cha mstatili. Sasa, hapo ndipo lilipo tumbo la kiki (ngoma kubwa ya chini) na noti za chini za besi: noti ya A ya chini, kwa mfano, ina hezi 55. Wimbi hili huwa na nguvu karibu na kuta na kwenye pembe, lakini katikati ya chumba hukaribia kutoweka. Ninaamini kichwa chako kiko katikati, au karibu na katikati, na ndiyo maana unaongeza besi ambayo tayari imo kwenye wimbo.

Unaweza kulihakikisha hili leo hii bila kutumia hata senti. Fungua Audacity, ambayo ni ya bure, utengeneze mlio mmoja mtupu wa hezi 56, uupige kwa sauti ya wastani, kisha uondoke kwenye kiti chako na kutembea polepole hadi ukutani. Ukiusikia mlio unakua kadiri unavyousogelea ukuta, utakuwa umepata jibu. Baada ya hapo, isogeze meza ili masikio yako yawe kama asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, yaani mita 1.16 hivi, na spika zote mbili ziwe na umbali sawa kutoka kuta za pembeni. Asilimia hiyo ni mahali pa kuanzia tu. Sogea mbele na nyuma kidogo huku ukipiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, na ukae pale ambapo noti nyingi zinalingana.

Kuhusu kuta, naomba usibandike trei za mayai. Nimeziona katika studio nyingi za mikoa yetu, na inaniuma kuona vijana wanatumia muda wao wote huo kwa karatasi nyembamba ambayo hupunguza kidogo tu mwangwi wa sauti za juu, haigusi besi, wala haizuii kelele za bodaboda kuingia. Kinachomeza sauti ni kitu chenye nyuzinyuzi na unene. Sisi wa pwani tunayo sufi, ileile tunayojazia mito. Mwombe fundi seremala akutengenezee fremu zenye kina cha sentimita 15, zijaze sufi bila kuishindilia, uzifunike kwa kanga au kitambaa chochote kinachopitisha hewa, kisha uziweke ukutani kushoto na kulia, kwenye sehemu ambazo ukishikiwa kioo utaiona spika ukiwa umekaa kitini. Zingine ziweke kwenye pembe. Sufi hushika moto upesi, kwa hiyo ziweke mbali na nyaya zilizochubuka, mishumaa na taa za mafuta umeme unapokatika.

Hata hivyo, fremu hizo hazitaliondoa wimbi la hezi 56, kwa sababu robo ya urefu wake inafika mita moja na nusu, na hakuna anayeweza kujaza sufi ya kina hicho chumbani. Kwa hiyo hukumu ya besi utaifanya kwa hedifoni, na hapo ndipo ningeweka sehemu kubwa ya fedha yako. Hedifoni za wazi kama Sennheiser HD 600 husifiwa sana kwa uaminifu wake, lakini hazizuii kelele. Kama chumbani kuna pangaboi na nje kuna jenereta ya jirani, zilizofunikwa zitakufaa zaidi. Sony MDR-7506, ambazo zimekuwepo tangu 1991, na Audio-Technica ATH-M50x ni chaguo la watu wengi. Zote mbili zina tabia zake, na tabia hizo unaweza kuzirekebisha kwa vipimo vinavyotolewa bure na mradi wa AutoEq, ukivipitisha kwenye programu ya Equalizer APO ndani ya Windows. Marekebisho hayo yanaingia kwenye kile unachokisikia tu na hayaingii kwenye faili unalolitoa.

Binti_Mikindani

Kaka Mpigakinanda, ninakubaliana na Fundi katika suala la chumba, nami nitaongezea upande wa kazi yenyewe, kwa sababu wengi hudhani kumasta ni kuubadilisha wimbo. Mimi naichukulia kuwa ni kazi ya marekebisho madogo sana. Ukijikuta unahitaji kuongeza au kupunguza zaidi ya desibeli mbili au tatu mahali popote, funga mradi wa masta, urudi kwenye miksi urekebishe chombo chenyewe. Wewe una bahati kwamba miksi ni yako. Fundi wa Dar es Salaam hakuwa na uwezo wa kuifungua.

Vyombo vya bure vinatosha. FL Studio tayari ina Fruity Parametric EQ 2 na Fruity Limiter. Ongeza TDR Nova kwa ajili ya ikwalaiza (ya kuongeza au kupunguza sauti za chini, za kati au za juu) inayofanya kazi pale tu sauti inapozidi, TDR Kotelnikov kama kompresa (ya kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), LoudMax kama limita (ya kuzuia sauti isivuke kiwango ulichoweka), Voxengo SPAN ya kukuonyesha mgawanyo wa sauti za chini na za juu, na Youlean Loudness Meter ya kupima ukubwa wa sauti. Sioni sababu ya mtu anayejifunza kununua furushi la gharama kabla hajajua kila kimoja kati ya hivi kinafanya nini.

Toa miksi kwa biti 24 bila limita kwenye chaneli kuu, vilele (sehemu zenye sauti kubwa kabisa) vikiwa vimebaki chini ya sifuri kwa desibeli tatu hadi sita. Fungua mradi mpya, uweke nyimbo zote sita humo kwa pamoja, pamoja na nyimbo mbili au tatu za mfano unazozipenda na ambazo una faili zake za ubora kamili. Hizo za mfano zishushe hadi zilingane na zako kwa ukubwa, kwa sababu sikio huuona wimbo wenye sauti kubwa kuwa ndio mzuri hata kama tofauti ni desibeli moja tu. Kisha sikiliza kwa kiwango kimoja kila siku, ukitia alama kwenye kitufe cha sauti. Tangu vipimo vya Fletcher na Munson vya 1933 inajulikana kwamba masikio yetu huisikia besi kidogo zaidi au kidogo pungufu kutegemea ukubwa wa sauti, kwa hiyo anayepandisha na kushusha kitufe kila mara hana kipimo cha kudumu.

Katika ikwalaiza, ondoa vilivyo chini ya hezi 30, maana hakuna sabufa ya mtaani itakayovipiga, na vinamaliza nafasi ya limita bure. Angalia kati ya hezi 200 na 400 kama kuna ukungu, na kati ya 2,000 na 5,000 kama kuna ukali. Kompresa iguse desibeli moja au mbili tu. Kisha sikiliza wimbo wote ukiwa mono, yaani kushoto na kulia zikiwa zimeunganishwa kuwa sauti moja. Hili nalisisitiza kwa moyo wote: simu nyingi za bei nafuu, spika ndogo za bluetooth na mitambo mingi ya harusi hupiga mono, na kinanda ulichokitandaza kushoto na kulia kwa plagini ya kupanua sauti kinaweza kupotea kabisa huko. Besi na kiki ziache katikati.

Kelele nazo zina mahali pake hapa. Ukiupandisha wimbo kwa desibeli sita, mvumo wa pangaboi na ule mngurumo wa umeme wa hezi 50 uliorekodiwa pamoja na sauti ya mwimbaji vitapanda kwa desibeli sita vilevile. Vitafute kwenye miksi, katika nafasi ambazo mwimbaji amenyamaza.

Mpigakinanda_Chuno

Fundi na dada yangu, nawashukuru sana. Nimelifanya jaribio la mlio wa hezi 56: kitini ulikuwa karibu haupo, na nilipofika ukutani ulijaa hadi dirisha likatetemeka. Nimeshaisogeza meza, na hedifoni nitaziagiza.

Yamebaki mambo mawili. Kwanza ni ukubwa wa sauti: nimesoma mahali pengi kwamba masta isizidi LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini nyimbo za kwenye flashi zinazopigwa hapa sokoni zina sauti kubwa kuliko hapo kwa mbali. Pili ni zile huduma za mtandaoni, ambazo hakuna aliyezigusia.

Ngoma_za_Masasi

Ndugu yangu, hiyo LUFS -14 imekuwa kama amri, na ninaona imewapotosha vijana wengi wa kusini, kwa hiyo niruhusu nieleze inakotoka. Kipimo cha LUFS kinatokana na kanuni ya ITU iliyotolewa mwaka 2006, na kazi yake ni kukadiria jinsi sikio linavyousikia ukubwa wa wimbo mzima, badala ya kutazama vilele vyake peke yake. Spotify huzileta nyimbo zote kwenye -14, Apple Music kwenye -16, na YouTube huzishusha zilizozidi -14 hivi lakini haizipandishi zilizo chini. Maana yake ni kwamba ukipeleka wimbo wenye -8, Spotify itaushusha kwa desibeli sita, na utakuwa umezikandamiza ngoma zako bila kupata faida yoyote.

Lakini huo ni utaratibu wa mitandao hiyo. Flashi haina utaratibu huo. Redio ya bajaji, sabufa ya dukani, mtambo wa harusi na wimbo uliotumwa kwa bluetooth kutoka simu hadi simu, vyote hupiga faili kama lilivyo, na kwa wasikilizaji wengi wa Masasi, Newala au Nachingwea hiyo ndiyo njia wimbo unakowafikia. Ukiwapelekea wimbo wa -14 ukafuatana na wa -8, wataupita. Mimi hulenga kati ya -10 na -9 kwa nyimbo za kucheza, na ninazifikisha hapo pasipo kuumiza limita.

Siri iko kwenye miksi. Ngoma zina vilele vya muda mfupi sana vilivyo juu kuliko kitu kingine chochote kwenye wimbo, na vilele hivyo ndivyo vinavyoizuia sauti yote isipande. Ukimwachia limita wa mwisho avikate vyote, kila pigo la kiki litamvuta mwimbaji chini pamoja nalo, na utaisikia sauti yake ikishuka na kupanda kana kwamba wimbo unapumua. Badala yake, kata kilele cha kila chombo kwenye chaneli yake kwa kutumia klipa laini (plagini inayokata vilele kwa upole), desibeli mbili hapa, mbili pale, kisha kwenye masta limita afanye kazi ya desibeli mbili au tatu tu. Mimi hurekodi sindimba yenye ngoma halisi, na huko hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ngoma hukanzwa motoni kabla ya kupigwa na ngozi ikipoa sauti hushuka. Pigo la mwanzo na pigo la mwisho wa wimbo huwa si sawa. Hapo hakuna masta itakayosaidia. Inabidi usimamishe kurekodi, ngoma ikanzwe upya.

Binti_Mikindani

Mzee wangu wa Masasi, shikamoo. Nakubali kuhusu flashi, ila ningetoa tahadhari kwamba -9 isiwe lengo la nyimbo zote sita. Wimbo wa taratibu wenye kinanda na sauti moja ukisukumwa hadi hapo utasikika unapiga kelele kuliko ule wa kucheza. Kaka Mpigakinanda, zilinganishe nyimbo zako kwa sauti ya mwimbaji: mtu akisikiliza zote sita mfululizo asihitaji kugusa kitufe, hata kama kipimo kitaonyesha mmoja una -10 na mwingine -12. Spotify nayo, mtu anapoipiga albamu kama albamu, huishusha au kuipandisha yote kwa pamoja, hivyo tofauti uliyoikusudia haipotei.

Limita usiifikishe kwenye sifuri. Acha desibeli moja, ukiwa umewasha kipimo cha vilele halisi, kwa sababu faili linapogeuzwa kuwa MP3 vilele hupanda kidogo na vinaweza kukwaruza. Spotify hupendekeza ziachwe desibeli mbili kwa masta iliyozidi -14, nawe unaelekea kuizidi, kwa hiyo faili la mitandao liachie mbili.

FundiSauti_Lindi

Nimalizie suala la huduma za mtandaoni. LANDR ya Montreal, Kanada, ilianza mwaka 2014, na BandLab nayo hutoa huduma ya namna hiyo bila malipo. Si za kudharauliwa. Mashine huupima wimbo wako, ikaulinganisha na nyimbo nyingine, na mara nyingi hurekebisha besi iliyozidi kwa kiasi fulani. Lakini haijui kwamba kinanda chako kinatakiwa kubaki nyuma katika ubeti wa kwanza, na haiwezi kukwambia urudi kwenye miksi. Mimi ningeitumia kama maoni ya mtu wa pili: upeleke wimbo mmoja kati ya sita, ulinganishe na masta yako kwa ukubwa uleule wa sauti, kisha ujiulize imebadilisha nini na kwa nini.

Piga hesabu ya bando pia. Wimbo wa dakika nne kwa biti 24 na kasi ya sampuli ya hezi 48,000 una ukubwa wa megabaiti 69 hivi, kwa hiyo nyimbo sita zinakaribia megabaiti 415 za kupakia tu, kabla hujapakua majibu. Kwa sababu hiyo ningeanza na mmoja.

Ukizimaliza, tunza masta zote za WAV za biti 24 kwenye diski mbili tofauti, na za flashi uzigeuze kuwa MP3 za kilobiti 320. Ukimtumia mtu wimbo kwa WhatsApp ili akupe maoni, utume kama dokumenti. Kwa njia hiyo faili litamfikia bila kubanwa tena, na maoni yake yatahusu kazi uliyoifanya wewe.